Nilibonyeza ‘Nakubali’ kwa Niaba ya Mama

Mwaka jana mama alitoka hospitalini na karatasi mbili za maabara ambazo hakuna aliyemweleza maana yake. Daktari alikuwa na foleni, mimi nilikuwa na simu. Nikazipiga picha, nikazipakia kwenye programu ya chatiboti na kuandika: “Nielezee kwa lugha rahisi.” Jibu likaja papo hapo, tena lenye upole kumshinda yule daktari. Nikamsomea mama. Akashukuru, kisha akauliza: “Na huyo uliyemwonyesha ni nani?”

Nikacheka. Nikamwambia si mtu, mama, ni mashine tu.

Usiku nikaifungua ile picha tena. Jina lake kamili lilikuwa juu kabisa. Chini yake nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya simu, na jina la ugonjwa ambalo hata dada zake hajawaambia.

Kila nikianzisha mada hii, hakosekani msee wa kusema, “Mimi sina cha kuficha.” Sentensi hiyo imenichosha. Haya basi, wewe huna. Lakini hebu pitia uliyoiambia hiyo programu mwezi huu. Skrinshoti za meseji za mpenzi wako, ukiuliza kama anakudanganya. Barua ya ofisini uliyotaka ifupishwe. CV ya binamu yako, na nambari za simu za wadhamini wake watatu. Nyingi ya siri hizo si zako. Ulikabidhiwa tu, na wenyewe hawakubonyeza “Nakubali” popote.

Mnakumbuka foleni za Worldcoin pale KICC mwaka 2023? Watu waliskaniwa mboni za macho wapewe tokeni za thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Tuliwacheka sana wale watu, ati wameuza macho. Lakini angalau kila mmoja aliuza jicho lake mwenyewe. Sisi tunatoa ya wenzetu, tena bure, na bando tunajinunulia.

Na hii habari ya “ni mashine tu” tuiache, hasa sisi wa Nairobi. Mwaka 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi katika jiji hili hili walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili ChatGPT ifunzwe adabu. Hayo hayakuwa mazungumzo yetu, lakini yalituonyesha kuwa nyuma ya mashine kuna macho ya watu. Google yenyewe, katika maelezo ya faragha ya Gemini, inasema baadhi ya mazungumzo hupitiwa na binadamu, na inatuonya tusiandike mambo ya siri. Wangapi kati yetu wamelisoma onyo hilo?

Utasema, si nitafuta? Mei 2025 korti moja ya Marekani, katika kesi ya gazeti la New York Times, iliiamuru OpenAI kuhifadhi mazungumzo, hata yale ambayo watumiaji walitaka yafutwe. Amri hiyo iliondolewa baadaye, lakini funzo limebaki: kitufe cha kufuta kiko mkononi mwako, ghala haliko.

Najua pia jibu lingine. Mshauri nasaha ni ghali, wakili ni ghali, na chatiboti haikuhukumu saa nane usiku. Ni kweli kabisa, na ndipo hasira yangu ilipo. Kampuni hizi zinajua tunazikimbilia kwa sababu milango mingine imefungwa. Halafu katika programu kadhaa, swichi ya kuruhusu mazungumzo yetu yafundishie mashine tunaikuta tayari imewashwa, imejificha ndani ya mipangilio.

Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe wazi, ya hiari, na ya mtu anayejua anachokubali, na inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kurasa chungu nzima za Kiingereza cha mawakili, ukisukumwa ubonyeze upesi, hiyo ni ridhaa ya aina gani? Swichi ile ikae imezimwa hadi niiwashe mwenyewe. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mama anaelewa. Na Kamishna wa Data asikae akingoja malalamiko, kwa sababu sheria inamruhusu kuanzisha uchunguzi mwenyewe.

Nasi tusijifanye watakatifu. Kabla ya kupakia karatasi ya mtu, ziba jina lake na nambari zake. Kabla ya kubandika meseji zake, muulize. Akikataa, basi.

Wiki iliyofuata nilimwambia mama ukweli. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama ninaweza kwenda kuichukua ile picha, niirudishe nyumbani. Nilimwambia nimeshaifuta kwenye simu.

“Sikuuliza kuhusu simu,” akasema.