UCHANGANUZI: Picha na wimbo vilivyozuia Soweto kusahauliwa

KILA ifikapo Juni 16, bara zima huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Hata hivyo, wengi wa watoto wanaokariri mashairi siku hiyo hawaelezwi kwamba chimbuko lake ni damu ya wenzao wa Soweto, Afrika Kusini.

Siku hiyo mnamo 1976, maelfu ya wanafunzi waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo, hisabati ikiwemo, kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi waliwafyatulia risasi. Tume iliyoundwa na serikali yenyewe ilikiri baadaye kwamba watu 575 waliuawa ghasia ziliposambaa nchini.

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulidhibiti redio na televisheni, lakini haukuweza kudhibiti kila kamera. Mpigapicha Sam Nzima wa gazeti la The World alificha filamu yake ndani ya soksi. Picha ya Hector Pieterson akiwa amebebwa mikononi, dada yake akikimbia kando kwa kilio, ikazunguka ulimwengu. Nzima aliandamwa na polisi hadi akaacha kazi. Oktoba 1977, gazeti lenyewe lilipigwa marufuku.

Gazeti huweza kufungwa. Wimbo hauna ofisi ya kutiwa kufuli. Hugh Masekela, akiwa uhamishoni, alitunga "Soweto Blues", naye Miriam Makeba akauimba katika majukwaa ya kigeni. Mnamo 1987 Mbongeni Ngema alileta "Sarafina!", mchezo wa nyimbo uliogeuzwa filamu mwaka wa 1992. Kupitia kwayo, vijana waliozaliwa baada ya mauaji hayo waliyafahamu.

Kumbukumbu hiyo, hata hivyo, ina upungufu. Hastings Ndlovu, mwanafunzi wa miaka 15, anaaminika kupigwa risasi kabla ya Hector. Hapakuwa na kamera karibu naye, na ni wachache wanaolijua jina lake. Mbuyisa Makhubo, kijana aliyembeba Hector, alilazimika kutoroka nchini. Mamake alifariki bila kumwona tena.

Hilo ndilo swali ambalo sherehe za kila Juni hazina budi kulijibu: nani atawakumbuka waliokufa bila picha wala wimbo? Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Familia hizo bado zina makovu, na haki yao ya kwanza ni kutajwa.