Kobe: bandari ilijengwa upya, shehena ikabaki Busan

WAAGIZAJI wa magari yaliyotumika wanaijua Kobe kwa kuiona kwenye hati za meli, kwani ni mojawapo ya bandari za Japani ambako magari hupakiwa kuja Mombasa na Dar es Salaam. Wengi hawajui kwamba kabla ya mwaka 1995 Kobe ilikuwa bandari ya sita duniani kwa wingi wa makontena. Kilichoishusha kinamhusu kila anayeishi kwa kutegemea njia moja ya mizigo.

Saa 11:46 alfajiri ya Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 6.9 liliupiga mji huo. Watu 6,434 walifariki, na hasara ilikadiriwa kufikia yen trilioni 10 hivi.

Kobe imebanwa kati ya milima na bahari, hivyo barabara kuu na reli nyingi zinazounganisha mashariki na magharibi mwa nchi hupita katika ukanda huo mwembamba. Barabara ya juu ya Hanshin ililala ubavu kwa zaidi ya mita 600, na haikufunguliwa yote hadi Septemba 1996. Treni ya mwendo kasi ilirejea baada ya siku 81. Malori yalilazimika kuzunguka mbali, na Toyota ilisimamisha uzalishaji kwa muda kwa kukosa vipuri vya breki, ingawa viwanda vyake vyenyewe haviko Kobe.

Bandarini hali ilikuwa mbaya zaidi. Magati mengi yalijengwa juu ya visiwa vya kifusi kilichojazwa baharini. Udongo ukalainika kama uji, kuta za gati zikasogea kuelekea majini kwa mita kadhaa, na kreni zikatanua miguu. Karibu magati yote yakawa hayafai.

Serikali ya Japani haikulala. Ilitoa fedha, gati moja baada ya jingine likafunguliwa, na kufikia mwaka 1997 ukarabati ulikuwa umekamilika, tena kwa magati yenye kina kirefu na imara kuliko ya zamani. Hata hivyo, mwaka huo huo Kobe ilikuwa ya 17 duniani, na hadi leo haijarudi katika kumi bora.

Iliyopotea hasa ni shehena ya kupita, yaani makontena yanayoshushwa na kupakiwa meli nyingine kwenda nchi ya tatu. Mwenye meli hana mapenzi na gati. Busan ya Korea Kusini na Kaohsiung ya Taiwan ziliyapokea kwa gharama nafuu, na mikataba ikahama. Kusema kweli, bandari hizo zilikuwa zikiinyemelea Kobe tangu zamani. Tetemeko liliharakisha tu. Yaliwapata pia wenye viwanda vidogo vya viatu wa kata ya Nagata: vilipoungua, wanunuzi waliagiza China, na wengi hawakurudi.

Kwetu, mfano wa karibu ni Januari 2008. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara ya kutoka Mombasa, mafuta yaliadimika Uganda na Rwanda, na baadhi ya waagizaji wakaanza kuulizia Dar es Salaam. Njia ilifunguka baada ya wiki chache, si miaka miwili, na mizigo mingi ikarudi. Ingekuwa miaka miwili, sidhani kama ingerudi.

Wala matetemeko si ya Japani peke yake. Bukavu na Rusizi zilitikiswa Februari 2008, Bukoba Septemba 2016.

Hivyo ni vyema msafirishaji asome hati yake ya bima. Masharti ya bima ya shehena za baharini yanayotumika sana duniani ni ya aina tatu, A, B na C. Tetemeko limo katika A na B. Katika C, ambayo ndiyo rahisi na wengi huichagua kupunguza gharama, halimo. Na hata mwenye A halipwi hasara itokanayo na ucheleweshaji: kontena likikaa bandarini miezi miwili bila kuharibika, soko ulilolikosa ni lako mwenyewe.