Jina Letu, Roketi Yao

KIBARAZANI MVITA
Na Mwanaidi Shebwana

Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilipaa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, nayo ikaitwa Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya falaki hadi leo, na Jamhuri Dei ikikaribia hapakosi mtu wa kulitaja redioni kwa kifua kipana. Hata mimi huona raha. Lakini ukikifungua chombo kile na kuuliza kila kipande kwao wapi, utakuta kilichokuwa chetu ni jina tu. Setilaiti ya NASA, roketi ya Scout ya Wamarekani, jukwaa la San Marco la Waitaliano. Na bahari, haya, bahari ilikuwa yetu.

Tusichokisimulia ni kwamba Waitaliano nao walikuwa wakiazima. Profesa Luigi Broglio, ambaye kituo kile sasa kinaitwa kwa jina lake, alikuwa na jukwaa, wahandisi na setilaiti zake mwenyewe. Roketi hakuwa nayo. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni, na zote tisa zilipandishwa na Scout. Wamarekani waliiweka Scout kando mwaka 1994. Kituo cha nchi kavu kingali kinapokea mawimbi ya vyombo vilivyo angani, ila kurusha, tangu Machi 1988, hakuna.

Nayasema haya kwa sababu Ulaya hiyo hiyo imeshughulika miaka mingi kupunguza utegemezi wake kwa vipande vya elektroniki vya kigeni katika vyombo vyake vya anga. Ukisikia hivyo ukiwa umeketi Ndia Kuu na kahawa yako chungu, utasema hayo ni ya wenyewe. Mimi naona yanatuhusu.

Watu wa Ulaya walianza kuumwa mapema. Ufaransa na Ujerumani Magharibi waliunda setilaiti ya mawasiliano, Symphonie, wakaenda Marekani kuomba roketi. Walipewa, kwa sharti kwamba setilaiti isifanye biashara ya kushindana na shirika la mawasiliano la Intelsat. Ikarushwa Desemba 1974 ikiwa imefungwa mdomo. Miaka mitano baadaye, mkesha wa Krismasi wa 1979, Ulaya ikarusha Ariane yake ya kwanza.

Roketi ikapatikana, taabu ikahamia ndani ya chombo.

Hapa niwaombe tupite kidogo kwa mafundi wa simu wa huku kwetu. Ukimpelekea fundi simu iliyokufa atakwambia, "Mama, niachie, rudi baada ya alasiri." Atafungua, atapuliza hewa moto, atang'oa chipu katika bodi ya simu nyingine iliyokufa zamani, aipachike kwenye yako, na simu itawaka. Hamuulizi mtu ruhusa. Spea zimejaa tele, na muuzaji mmoja akigoma, wa pili yuko mlango wa pili.

Angani mambo si hivyo. Huko juu chembe zenye nguvu kutoka kwenye jua na kwingineko huipiga chipu, zikageuza sifuri kuwa moja, na amri ya kuzima ikaweza kusomeka kuwa amri ya kuwasha. Chombo huchomwa na jua upande mmoja huku upande wa pili ukiganda, na siku ya kurushwa hutikiswa hadi viungo vilegee. Na hakuna fundi wa kurudiwa baada ya alasiri. Kwa hivyo chipu za kazi hiyo hutengenezwa kwa namna yake na kupimwa kwa miezi mingi, na wateja wake ni wachache kiasi kwamba viwanda vingi havitaki hata kuhangaika nazo. Kwa miaka mingi, aliyehangaika zaidi ni Mmarekani.

Mwaka 1999, kwa sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla, Marekani ikaziingiza setilaiti na vipande vyake katika orodha ya silaha. Kapasita, kijipande kisichofika ukubwa wa punje ya mchele, kikawa katika daftari moja na kombora. Chombo cha Ulaya kikiwa na kipande kama hicho tumboni, Washington ilikuwa na neno juu ya nani auziwe na roketi ya nani ikirushe. Kampuni ya Thales Alenia Space ikajibu kwa kutangaza setilaiti zisizo na kipande chochote kilichofungwa na sheria hiyo, na kadhaa zikarushwa kwa roketi za Kichina. Biashara ikaenda vizuri, mpaka ilipobainika kuwa vipande vya Kimarekani vilikuwamo humo humo. Muuzaji, Aeroflex, alikuwa ameviuza kama vitu visivyohitaji kibali. Mwaka 2013 Aeroflex ilikubali kulipa faini ya dola milioni 8, Thales ikalalamika kuwa imepotoshwa na walioiuzia, na mtindo ule wa setilaiti ukaachwa.

Kisa hicho kinanifunza mengi kuliko hotuba yoyote ya kujitegemea. Wahandisi waliobobea, wenye kila sababu ya kuchunguza, hawakujua kilichomo ndani ya kazi ya mikono yao. Mwaka 2014 Marekani ililegeza kanuni zake, lakini Ulaya ilikuwa imeshaingiwa na wasiwasi usiotoka.

Walichofanya wao ni kazi ya pole pole isiyopigiwa ngoma. Mwaka 2002 shirika lao la anga, ESA, mashirika ya anga ya nchi wanachama na wenye viwanda waliunda mfumo mmoja wa kukubaliana ni kipande gani kinafaa, na kipimweje. Mwaka 2004 ukafuata mpango wa vipande vya Ulaya, ambao kazi yake ilikuwa kuandika orodha: vipi tunavyovihitaji sana, ambavyo mtu mmoja tu duniani anatuuzia, na anaweza kutunyima? Hivyo ndivyo vilivyotiwa pesa. Vingine waliendelea kununua. Hata ubongo wa kompyuta zao za angani, LEON, uliobuniwa ndani ya ESA kuanzia 1997, ulijengwa juu ya kanuni ya wazi yenye asili ya Marekani, ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuitumia. Hawakuona aibu. Kilichowakera ni kushikwa koo, na kanuni iliyo wazi haimshiki mtu koo.

Sisi tuliwahi kufikiri hivyo mara moja, tena hapa hapa kisiwani Mombasa. Miaka ya 2000 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilikuwa zikivutana juu ya mkongo wa chini ya bahari wa EASSy, nani aumiliki na nani aamue bei. Kenya ikaona Afrika Kusini inataka kuushika usukani, ikachoka kungoja, ikageukia Ghuba. Ikashirikiana na Etisalat ya Imarati kuvuta mkongo mwingine, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Asilimia 85 ya hisa ikabaki kwa serikali na makampuni ya Kenya. Juni 2009 Rais Kibaki alikuja kuupokea Fort Jesus, chini ya kuta walizojenga Wareno ili waamue nani apite katika mlango huu wa bahari na nani asipite.

Mkongo wenyewe ulitengenezwa na Alcatel-Lucent. Hakuna uzi wake uliosokotwa Changamwe. Na Februari 2012 nanga ya meli iliukata hapo hapo nje ya Mombasa, kwa hivyo nisije nikaambiwa naimba sifa. Lakini serikali ya wakati ule ilijua kitu kimoja: katika mnyororo mrefu wa vitu vya watu, ni pete ipi tukiishika hatutanyanyaswa. Ikaishika hiyo, nyingine ikanunua.

Katika mambo ya anga sijaona swali hilo likiulizwa. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga kupitia sehemu ya Wajapani, baada ya wanafunzi na walimu wetu kushirikiana na Sapienza ya Roma. Aprili 15, 2023 ikafuata Taifa-1, ya shilingi kama milioni 50, iliyoshughulikiwa na wahandisi wa Kenya pamoja na EnduroSat ya Bulgaria na kurushwa California na SpaceX. Nilifurahi nayo, na vijana walioishughulikia wanastahili kila pongezi. Ila baada ya vigelegele nilitarajia Shirika la Anga la Kenya litoe karatasi moja tu: orodha ya vipande vya Taifa-1, kila kimoja kilikotoka, na vipi tutajaribu kuvitengeneza au kuvipima wenyewe katika Taifa-2. Nchini Bulgaria, nchi ya watu wasiofika milioni 7, kuna kampuni inayoweza kutuuzia setilaiti. Hilo lingetosha kutukosesha usingizi.

Watu wataniambia, Bi Mwanaidi, hospitali hazina dawa na wewe unataka chipu za angani. Nakubali kwamba kiwanda kizima cha chipu, kile cha mabilioni ya dola, si chetu leo wala kesho. Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayoianza safari hiyo kwa hatua ndogo, Mungu aifikishe. Lakini hebu tuangalie tunachopitisha bila kukiuliza. Kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Kwale Desemba 2024, mchanga wenye titani ulipakiwa melini Likoni, ng'ambo tu ya Mama Ngina, ukaenda zake. Koltani ya Rubaya, mashariki ya Kongo, ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya tantali ya dunia, na tantali ndiyo ile iliyomo ndani ya kapasita za angani ambazo wakubwa walikuwa wakinyimana. Eneo letu limo katika mnyororo huo tangu zamani, kwenye ncha ya majembe na magunia.

Ninachotaka ni kidogo, na mlango wake umeshafunguliwa. Oktoba 2016, mjini Trento, Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya wa kituo cha Malindi, wenye itifaki za mafunzo na za kupata data. Kelele nyingi tulizosikia Pwani ni za kodi ya ardhi na nani alipwe, na watu wa Ngomeni wana haki yao, siwalaumu. Lakini tudai pia maabara ya kupima vipande: chumba cha kutolea hewa yote, meza ya kutikisa, tanuri na jokofu la kubadilisha joto ghafla. Maabara ya mionzi ni ghali, hiyo Waitaliano watupimie wao. Iwekwe Tudor, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kimekuwa kikifunza ufundi kisiwani hapa tangu kikiitwa MIOME. Anayepima ndiye anayejua kilichomo, na kama Thales walivyogundua kwa gharama, hilo ndilo wasilokuwa nalo hata matajiri.

Tukishapata maabara, mimi ningeanza na antena na bodi ya kugawa umeme. Antena ni vyuma na hesabu, na bodi ya umeme inaweza kuchorwa na kuunganishwa na vijana wanaofuzu Tudor kila mwaka kisha wakaishia kuuza laini za simu Digo Road. Kamera tununue. Kompyuta tuchukue kanuni zilizo wazi, kama walivyofanya watu wa Ulaya. Na kamati ya Bunge itakapoketi tena na watu wa shirika la anga juu ya bajeti, mbunge yeyote wa Pwani na awaombe ile karatasi ya vipande vya Taifa-1 kabla hajasikiliza jambo jingine.