Puto Jekundu Nyuma ya Kabati

Jamani, mume wangu kaninunia! Tunaishi London, tunadunduliza hela za nyumba, yeye kaja na picha: "Girl with Balloon" ya Banksy, yule msanii wa kuta za mitaani asiyejulikana sura. Mwaka 2004 zilichapwa kwa skrini nakala 600 bila saini na 150 zenye saini. Mnadani hufika makumi ya maelfu ya pauni. Yake? Pauni 900! Nikauliza kimoja tu: cheti cha Pest Control kiko wapi? Maana hao ndio wanaothibitisha kazi za Banksy. Eti muuzaji kasema "kitakuja". Kesho inarudishwa, tena namsindikiza. Tangu Jumapili hatuongei. Ila puto lenyewe, mh, zuri.