MTOTO NJITI (4): OKSIJENI HAIUI, ILA INA KIPIMO CHAKE

Haya mama zangu, tuendelee. Swali linalonifikia kila wiki, iwe Mbagala iwe Tandale: "Nesi, eti mtoto akishawekewa oksijeni ndiyo harudi?"

Si kweli. Wanaowekewa mpira ni waliozidiwa. Baadhi wanafariki kwa ugonjwa, lawama anabebeshwa mpira. Halafu mama mwingine anasikia hayo, anamkatalia mwanaye. Hilo ndilo linaloniuma.

Ubongo hauna ghala la oksijeni, unategemea pumzi ya sasa hivi. Na kwa njiti, sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua bado changa. Mtoto anaweza "kusahau" kupumua sekunde 20 au zaidi, mapigo ya moyo yakashuka, midomo ikawa ya bluu. Ndiyo maana unatuona tunamsugua nyayo, anakumbuka. Wengi huacha wanapokaribia wiki 37, ukihesabu tangu ujauzito ulipoanza. Waliozaliwa wadogo sana huchelewa zaidi.

Sasa kuna wale wa upande wa pili: "Nesi ongeza, ifike 100!" Hapana mama. Njiti aliye kwenye oksijeni, kwa kawaida tunalenga 90 hadi 95. Ikipungua sana, ubongo unaumia. Ikizidi, mishipa ya macho inaharibika, na mtoto anaweza kuwa kipofu. Oksijeni ni dawa, na dawa haiongezwi kwa huruma. Kabla ya kuruhusiwa, uliza: "Macho ya mwanangu yatapimwa lini?"

Na nyie akina baba na mabibi, acheni kumharakisha mzazi arudi nyumbani kisa mtoto leo amepumua vizuri. Kesho anaweza kusahau tena. Msaidieni apate muda wa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, maana joto la mama humtuliza mtoto na pumzi yake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wadogo kwa robo. Baba naye ana kifua, abebe!

Mkisharudi nyumbani, akiacha kupumua au akiwa wa bluu, msugue nyayo na muwahi hospitali hapohapo, hata kama ni usiku wa manane. Msisubiri kukuche.

Mtumie mwenzako mwenye njiti.