Choo chenye mlango: hedhi, shule zetu na misaada inayopungua Masisi na Walikale

Kuna jambo ambalo wamama wetu husemezana kwa sauti ya chini, na sisi wachungaji hulipita kimya. Nalo ni hedhi ya wabinti wetu. Leo tuliseme waziwazi, kwa sababu linagusa masomo yao, afya yao na usalama wao.

Ulimwengu umeanza kulisema. Tangu mwaka 2014, kila tarehe 28 Mei ni Siku ya Usafi wa Hedhi, iliyoanzishwa na shirika la WASH United la Ujerumani. Tarehe yenyewe ni fundisho: mzunguko wa mwanamke ni kama siku 28, na damu hutoka kama siku 5, ndiyo maana ya mwezi wa 5. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya jambo hili. Juni 2022 Shirika la Afya Duniani lilitaka hedhi itazamwe kama suala la afya na haki, si la usafi peke yake.

Lakini azimio halifiki shuleni lenyewe. Ripoti ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilionyesha kwamba ni asilimia 39 tu ya shule duniani zinazofundisha kuhusu hedhi. Katika Afrika kusini mwa Sahara, ni shule 1 kati ya 8 inayotoa au kuuza vifaa vya hedhi.

Majirani wetu wamejaribu njia ya kodi. Kenya iliondoa kodi kwenye taulo za kike mwaka 2004, na sheria ya 2017 ikaamuru wasichana wa shule wapewe bure. Rwanda iliondoa kodi Desemba 2019. Tanzania iliiondoa 2018, ikairudisha 2019, kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi. Hapo tunajifunza: jambo jema lililoamuliwa juu laweza kuishia njiani kabla ya kumfikia msichana.

Kwetu njia hiyo ni ndefu zaidi. Vita vilifika Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi mwaka huo huo. Februari, kambi za Bulengo na Lushagala kando ya Goma ziliondolewa, na jamaa nyingi zikarudi vijijini Masisi, ambako wengine hawakukuta nyumba wala choo. Wakati huohuo Marekani ilisimamisha misaada yake, nayo mwaka 2024 ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya fedha za msaada wa kibinadamu katika nchi yetu. Yale mafuko yenye sabuni, ndoo, chupi na taulo yakawa haba. Walikale, ambako bidhaa nyingi hufika kwa pikipiki au kwa ndege ndogo, pakiti ya Kotex ni mali ya duka. Mama anayetafuta unga wa siku moja hawezi kuinunua.

Kwa hiyo wengi hutumia vitambaa, na wengine wamefundishwa kushona taulo za kufuliwa. Ni jambo zuri, lakini kitambaa kinataka maji safi, sabuni na jua. Walikale ni msitu na mvua. Milima ya Masisi ina ukungu na baridi. Tena binti huona haya kukianika nje, hukificha chini ya nguo nyingine, nacho hukauka nusu. Kitambaa chenye unyevu huwasha ngozi na chaweza kumletea ugonjwa. Maana yake ni kwamba aibu inaharibu hata msaada uliokwisha kupokelewa.

Ndipo nasema kwamba sehemu ya kazi hii ni yetu. Tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi za Kiprotestanti ni za serikali lakini zinasimamiwa na sisi. Kanuni za kimataifa za msaada, zinazoitwa Sphere, zinadai vyoo vya wanawake vitengwe, vifungwe kwa ndani, na katika vyoo vya pamoja viwe vitatu kwa kimoja cha wanaume. Ni shule ngapi za kanisa zenye choo cha wasichana chenye mlango na komeo? Binti asiyekuwa na mahali pa kubadili kitambaa hubaki nyumbani, au huingia porini, na sote tunajua hatari iliyo porini.

Kuna pia neno la mimbari. Mahali pengine mwanamke aliye mwezini huambiwa asikaribie Meza ya Bwana, kwa kutaja Walawi 15. Tuisome sura nzima: inasema pia habari za wanaume, na hatuwazuilii wao Meza. Kisha tusome Marko 5. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alimgusa Yesu katikati ya watu. Bwana hakujitenga naye wala kwenda kujitakasa. Alisimama, akamsikiliza, akamwita binti.

Kila kanisa la mahali laweza kuanza na mambo manne. Baraza la wazee litembelee choo cha shule na kutia mlango, komeo na ndoo ya maji. Umoja wa wamama uweke akiba ya vitambaa na sabuni kwa mwalimu wa kike, na kamba ya kuanikia mahali penye jua na staha. Wababa na vijana wafundishwe pamoja, ili mzaha ukome darasani. Na mchungaji aseme neno hedhi kanisani bila kuinamisha kichwa.

Misaada ikirudi, tuipokee kwa shukrani. Lakini mbao za mlango mmoja hazihitaji kungoja mkutano wa Geneva. Seremala tunaye, naye huketi nasi kanisani kila Jumapili.