Walioacha Jembe Wakaenda Vitani

Asafiriye kutoka Bungoma kwenda Kitale huvuka mto Kamukuywa, na huenda asijue kwamba katika siku za ukoloni mto huo ulikuwa mpaka. Upande mmoja yalikuwa makao ya Wabukusu. Upande wa pili mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia. Juma hili, wasomaji wapenzi, tutasimulia habari za wakulima walioitwa vitani, na jinsi walivyolipwa waliporudi.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, walowezi wengi waliacha mashamba yao wakaenda Nairobi kujiandikisha, wengine wakiwa na farasi na bunduki zao wenyewe. Likaundwa jeshi la East African Mounted Rifles, nalo likapigana na Wadachi katika mlima wa Longido tarehe 3 Novemba 1914. Yatupasa kusema kweli kwamba ushujaa hawakuukosa, na wengine wao hawakurudi.

Mkulima wa Kiafrika naye aliacha jembe. Wengine walikuwa askari wa Keya, lakini walio wengi zaidi walikuwa wapagazi, hasa mwaka 1917 serikali ilipowakusanya watu kwa nguvu kwa mikono ya machifu. Mpagazi hakupewa bunduki bali mzigo, na mshahara wake ulikuwa rupia 5 kwa mwezi, baadaye 6. Maradhi ya kuhara, malaria na vichomi yaliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, makumi ya maelfu yao walikuwa wamekwisha kufa. Mishahara ya wengi wa wafu hao haikuwafikia jamaa zao kamwe.

Je, waliobaki walipata nini? Mwaka 1919 serikali ilitangaza mpango wa kuwapa ardhi askari waliotoka vitani. Kura zilipigwa katika jumba la Theatre Royal, Nairobi, kwa mashamba yaliyozidi 1,000, na mengine kati ya hayo yalikuwa Trans Nzoia. Walioruhusiwa kushiriki ni watu wa asili ya Ulaya tu. Hivyo mtu aliyekuwa askari jana akawa mkulima wa Kitale leo, na mpagazi aliyebeba risasi zake akavuka Kamukuywa kwenda kumlimia kwa mshahara.

Wala mambo hayo hayakuwa ya Kenya peke yake. Australia nako wakulima wengi walijitoa kwenda vitani, nao waliporudi wakagawiwa ardhi. Lakini wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliopigana pamoja nao walioipata walikuwa wachache mno.

Vita vya pili vikaja, 1939 hadi 1945. Waafrika zaidi ya 90,000 wa Kenya waliingia jeshini. Wengine walipigana Ethiopia, na wengine wakafika Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa za 1944 hadi mto Chindwin. Baada ya vita hivyo pia, askari Wazungu waligawiwa mashamba katika nyanda za juu. Ardhi ya ng'ambo ya Kamukuywa ilianza kufunguliwa kwa Waafrika katika miaka ya 1960, kwa mipango ya makazi kama Ndalu na Tongaren. Na hata hapo mkulima alitwikwa deni la kulipia ardhi.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini hawa walikuwapo, na lao halikuwapo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina kama wenzao, ikaomba radhi.

Radhi ni njema, ila haimrudishii mtu jina lake. Kazi hiyo ni yetu. Ikiwa nyumbani kwenu imo nishani ya babu, kipande cha jeshi au hata hadithi tu, ulizeni wazee ingali mapema, mkaandike daftarini jina lake, kijiji chake na mahali alikokwenda. Shamba hakupewa, asinyimwe na kukumbukwa.